Mgonjwa wa Akiba

Asubuhi ile sista alimchora Cheche mshale mdogo kwenye paji la uso, juu ya jicho la kushoto, ili mtu asije akakosea jicho. Cheche akaupapasa kwa kidole.

"Umenyooka?"

"Umenyooka," mkewe akasema.

"Maana mimi ni fundi. Alama ikipinda, mlango haufungi."

Sista akacheka, akaondoka na trei yake. Mkewe akamweka vizuri lile gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, akalifunga kamba, akakaa ukingoni mwa kitanda. Tangu jana jioni mumewe hakuwa ametia kitu mdomoni, hata maji, kama walivyoagizwa. Midomo ilikuwa imekauka na kuchanika, lakini uso wake, baada ya muda mrefu sana, ulikuwa uso wa mtu anayesubiri kitu.

Mwanamke huyo alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba waliyopanga, na wateja wake walikuwa wakipita juu ya viatu vya watoto ili kukifikia kiti. Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea, na jina hilo alipewa na kazi yake. Jicho la kulia lilikufa zamani, akiwa bado anajifunza, na alilizoea jicho moja kiasi kwamba watu walisahau. Kisha siku moja vumbi la chuma kutoka kwenye grenda ya kusagia likaingia kwenye lile lililobaki. Akalisugua. Akaenda duka la dawa, akapewa matone yaliyoondoa wekundu, akafurahi. Kumbe chini ya wekundu kidonda kilikuwa kinakula. Alipofika kwa daktari wa macho, kioo cha mbele cha jicho, kile wanachokiita konea, kilikuwa kimegeuka cheupe kama yai la kuchemsha. Akabaki anatofautisha mchana na usiku, basi. Binti yao wa mwisho, waliyemwita Kitinda, alizaliwa baba yake akiwa hivyo. Sura ya mtoto aliijua kwa viganja.

Kulisha nyumba peke yake msusi aliweza. Alilalamika, akaweza. Jambo ambalo hakumwambia hata dada yake wa tumbo moja ni ile siku majirani walipomrudisha mumewe kutoka barabara kuu. "Shemeji alipotea njia," walisema, naye akawashukuru. Lakini barabara kuu ilikuwa mbali na nyumbani, na mtu aliyepotea hupapasa, huita, huuliza. Cheche walimkuta amesimama katikati ya lami, mikono chini, kimya, magari yakimpigia honi kila upande. Tangu hapo msusi alikuwa akisuka huku sikio moja liko mlangoni. Kiti kikilia, anasimama. Lango likigonga, anaacha nywele za mtu mkononi na kutoka nje.

Ndiyo maana Dada Daktari alipowaletea habari za kongamano, msusi alimshika mikono akashindwa kuiachia. Dada Daktari ndiye aliyekuwa daktari wa macho wa hospitali ile, mwanamke kijana, mwembamba, anayeongea haraka, na wagonjwa wote walimwita hivyo. Alisema madaktari wa macho wa dunia nzima wanakuja kukutana hapa mjini. Kati yao yuko Profesa mmoja, bingwa wa kubadilisha konea. Profesa atafanya upasuaji hapa hapa hospitalini, na kamera zitapeleka picha moja kwa moja mpaka kwenye ukumbi wa hoteli kubwa, ng'ambo ya bustani, ili wenzake waone na kuuliza. Konea zenyewe zinakuja kwa ndege ndani ya kisanduku cha baridi. Zimetoka kwa watu waliokubali, kabla ya kufa, kwamba macho yao yawasaidie wengine.

"Nimempendekeza mumeo," alisema. "Wamekubali."

"Jicho la marehemu?" Cheche aliuliza. "Sasa likitaka kurudi kwao usiku, mimi nitalizuia na nini?"

Alicheka mwenyewe, akacheka mpaka akakohoa. Msusi alimtazama akacheka naye, machozi yakimtoka.

*

Chumba cha kusubiria upasuaji kilikuwa na vitanda viwili. Kwenye kitanda cha pili alikuwepo mwalimu mstaafu, mzee nadhifu aliyevaa soksi chini ya gauni la hospitali. Konea yake moja ilikuwa na ukungu. Jicho la pili lilikuwa zima na lilikuwa likisoma matangazo yote yaliyobandikwa ukutani, kwa sauti, ili Cheche naye ayasikie.

Mwalimu alichukuliwa kwanza. "Tutaonana," alisema akisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu. Kisha akajisahihisha. "Hakika tutaonana."

Mlango ukafungwa. Nyaya nyeusi zilipita chini yake, zikafuata korido mpaka dirishani, zikatoka nje. Mafundi wa picha walikaa sakafuni na skrini yao ndogo. Kwa muda mrefu palikuwa kimya, ikisikika tu sauti ya kike, tulivu, ikisema maneno ya kigeni. Kisha kutoka kwenye ile skrini likaja vumi kama la mvua juu ya mabati. Msusi alichelewa kuelewa kuwa ni makofi, ya watu wengi mno, ukumbi mzima.

"Wamemaliza na mwalimu," alimwambia mumewe. "Sasa wewe."

Cheche akavuta pumzi. Akajinyoosha kitandani kama askari.

Mwalimu akatolewa, amefungwa bandeji, akitabasamu kwa dawa. Mafundi wa picha wakasimama. Mmoja akaanza kukunja nyaya, akizizungusha kiwiko mpaka kiganja, kiwiko mpaka kiganja. Msusi akafikiri wanabadilisha nyaya. Taa juu ya mlango ikazimwa. Akafikiri wanapumzisha taa. Kisha sista akaja na kikombe cha chai.

"Mzee, sasa unaruhusiwa kula," alisema.

"Kabla ya upasuaji?" msusi akauliza.

Sista akamtazama yeye, akamtazama Cheche, kikombe mkononi. "Hawakuwaambia? Wa kwanza ameenda vizuri. Huyu alikuwa mgonjwa wa akiba."

"Akiba ya nini?"

"Huwa wanaandaa wawili. Wa kwanza akipanda presha, au jicho likiwa na shida, ukumbi usikae bure. Sasa hakukuwa na shida." Aliongea taratibu, kama mtu anayekanyaga kwenye misumari. "Mimi nilidhani mnajua, mama."

Cheche alikuwa bado amelala kama askari. Alibaki hivyo kidogo, kisha akakaa.

"Kwa hiyo mimi ni tairi la spea," alisema. "Haya. Nipe chai."

Akanyoosha mkono, sista akampa kikombe, akanywa. Akasema chai ni nzuri. Akashukuru. Akauliza nguo zake ziko wapi. Hakuna neno alilosema ambalo mtu angeweza kulilaumu, na ndiyo maana msusi aliingiwa na baridi ya mifupa. Mara ya mwisho alipomsikia mumewe akiwa mpole namna hii, siku ya pili yake majirani walimrudisha kutoka barabarani.

Alimvuta sista koridoni.

"Ile konea yake iko wapi?"

"Ipo kwenye friji."

"Atawekewa lini?"

"Na nani, mama? Profesa anaondoka kesho. Dada Daktari amewahi kusaidia tu, hajawahi kufanya mwenyewe. Na konea haikai. Ikipitisha siku zake, inatupwa."

"Inatupwa," msusi akarudia.

"Dada Daktari yuko ukumbini. Jioni atarudi, umuulize yeye."

Msusi hakungoja jioni. Ngojangoja huumiza matumbo, na tumbo lake lilikuwa limeshaumia vya kutosha. Alimshika sista bega. "Kaa naye. Usimwache peke yake, hata akikwambia anaenda msalani. Umenielewa? Hata msalani."

Sista alimtazama machoni, akaelewa. Akavuta kiti akakaa kando ya Cheche.

*

Alikatiza bustani karibu mbio. Alikuwa amevaa gauni lake zuri, la bluu, kwa sababu alitaka liwe kitu cha kwanza mumewe atakachokiona. Kwenye mlango wa hoteli mlinzi akanyoosha mkono.

"Beji?"

"Mume wangu ni mgonjwa wao."

"Mama, huu ni mkutano wa madaktari. Wagonjwa hawaruhusiwi."

"Nataka kuongea na Dada Daktari. Neno moja tu."

"Humo ndani wote ni madaktari. Nitamwita yupi?"

Aliomba, akabembeleza, akapaza sauti. Mlinzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesimama tangu alfajiri na viatu vilimbana. Akamwonyesha kivuli cha kusimama. Ndipo milango ilipofunguliwa na wajumbe wakamiminika nje kwa ajili ya picha ya pamoja, mamia kwa mamia, suti na vitambaa vya kila rangi, kila mmoja na mfuko wa kongamano begani wenye picha ya jicho. Mpiga picha alipanda juu ya ngazi akiwapungia mikono wasogeleane. Kijana wa kampuni moja ya dawa, anayegawa mifuko kama njugu, akamtundikia msusi mfuko begani bila hata kumtazama. Daktari mmoja mnene akasogea kumpa nafasi. Basi msusi akasimama hapo, kati ya mabingwa wa macho wa dunia, kamera ikalia, na watu waliporudi ndani walimbeba kama mto unavyobeba jani. Mlinzi aliuona mfuko akageuza shingo.

Ndani palikuwa na baridi ya mashine na harufu ya zulia jipya. Alipita mabanda ya maonyesho: darubini za kukagulia macho, miwani iliyopangwa kama samaki sokoni, jicho la plastiki kubwa kuliko mtoto wake, limekatwa katikati ili watu waone vyumba vyake. Kila mtu aliongea na mtu. Alimtafuta Dada Daktari kwa urefu, kwa wembamba, kwa nywele, maana nywele za mtu hawezi kuzisahau. Hakumwona. Akaingia ukumbi mkubwa na kukaa kiti cha nyuma. Kitini palikuwa na kisikilizio, akakivaa sikioni kama wenzake, na sauti ya mkalimani ikamwambia kwa Kiswahili safi: "Na huyu ndiye mgonjwa wetu wa pili."

Akainua macho. Kwenye skrini, ndefu kama ukuta wa nyumba, palikuwa na jicho.

Alilijua kabla hajafikiri. Weupe ule, na mishipa myekundu inayoutambalia kutoka pembeni kama mizizi. Kwenye kope ya chini, pengo pale ambapo cheche ya moto iliunguza nywele mwaka waliooana, na hazikuota tena. Alikuwa amelala karibu na jicho lile miaka yote ya ndoa yake.

Jukwaani alisimama Dada Daktari, akionyesha kwa taa nyekundu. Mkalimani akaendelea sikioni: "Huyu aliwekwa akiba kwa sababu ya mishipa hii ambayo, kama mnavyoona, inaongeza uwezekano wa konea kukataliwa. Hakuhitajika. Kuna maswali?"

Watu wakaanza kupanga foleni nyuma ya maikrofoni iliyokuwa kwenye njia ya katikati. Msusi akasimama, akaenda kwenye foleni.

Mbele yake mzungumzaji mmoja aliuliza habari za nyuzi za kushonea konea. Mwingine hakuuliza kitu, alijisifu tu. Msusi akaukumbatia mfuko wake wa kongamano. Zamu yake ikafika. Mwenyekiti wa kikao, mwenye tai nyekundu, akamtabasamia.

"Jina na taasisi yako, tafadhali."

Msusi aliikaribia maikrofoni mno, ikapiga kelele. Akarudi nyuma kidogo.

"Mimi ni mke wa hilo jicho," alisema.

Baadhi ya watu walicheka, wakidhani mkalimani amekosea. Kisha waliona uso wake.

"Yuko pale hospitalini, hajala tangu jana. Mlimchora mshale hapa. Mlimwambia mtamtibu. Konea yake iko kwenye friji na huyo Profesa wenu yuko hapa, mimi sielewi kinachongojwa. Naomba mnieleze. Mmekaa wengi namna hii, mmesoma wote, naomba mmoja tu anieleze kinachongojwa." Sauti ikamkatika. "Yule mtu hatakaa. Mimi namjua. Mkimrudisha nyumbani hivi, hatakaa."

Kwenye kibanda cha vioo wakalimani walikuwa bado wanasogeza midomo, wakimalizia maneno yake kwa lugha nyingine. Mwenyekiti alishika tai yake. Akasema kitu kuhusu muda. Vijana wawili wa mapokezi wakaja kumshika msusi viwiko, kwa adabu, na jukwaani Dada Daktari alikuwa ameziba uso kwa mikono yake yote miwili.

*

"Unajua umenifanya nini?" Dada Daktari alimuuliza wakiwa koridoni, nyuma ya mabanda. "Unajua mimi nimehangaika miaka mingapi ili hawa watu wakanyage hapa?"

"Ulijua tangu lini kwamba yeye ni akiba?"

Dada Daktari akaanza kuikunja kamba ya beji yake.

"Nakuuliza, mdogo wangu. Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Ukatuambia asile."

"Nilidhani nikiwaambia mtakataa kuja. Na nilitumaini... Hata mimi sijui nilitumaini nini. Kwamba yule mzee atapanda presha. Mungu anisamehe, niliomba apande presha. Waandaaji walitaka jicho lisilo na wasiwasi. Jicho la mumeo lina mishipa, dada. Mwili unaweza kuikataa ile konea. Hakuna anayetaka kushindwa mbele ya dunia nzima."

"Ikikataliwa atakuwaje?"

"Atarudi kama alivyo."

"Kwa hiyo atakuwa kipofu zaidi ya sasa?"

Dada Daktari akamtazama. "Hapana."

"Sasa mnamwogopea nini?"

Profesa alikuwa amewafuata. Alikuwa mama mtu mzima, mfupi, mwenye mvi zilizokatwa chini kabisa na viatu vya raba chini ya suti. Hakujua Kiswahili; alimtazama msusi kwa muda, kisha akaanza kumuuliza Dada Daktari maswali mafupi mafupi, na Dada Daktari akajibu, mara moja akitikisa kichwa kwa nguvu, kama mtu aliyeambiwa aruke kutoka darini.

"Anasema nini?" msusi aliuliza.

"Anasema hakuna aliyemwambia kuwa mgonjwa wa pili yuko tayari kitandani. Anasema kibali chake cha kushika kisu hapa kilikuwa cha mgonjwa mmoja, na kimeisha. Lakini hakuna sheria inayomkataza kukaa kando na kuongea." Dada Daktari alijifuta jasho juu ya mdomo. "Anasema nifanye mimi. Sasa hivi, kabla hawajaja kunikataza."

"Basi twende."

"Sijawahi kufanya peke yangu!"

"Hata mimi," msusi akasema, "sijawahi kufanya peke yangu haya yote ninayoyafanya. Twende."

Kwa kuwa Cheche alikuwa ameshakunywa chai, walimpiga ganzi ya jicho tu. Hawakuwasha kamera. Hapakuwa na makofi. Msusi alikaa kwenye kile kitanda cha mwalimu, kilichoachwa wazi, akisikia sauti ya Profesa nyuma ya mlango ikisema neno moja, kimya kirefu, neno moja. Ilifika wakati sauti ya Profesa ikakoma kabisa, na msusi akajua mambo yameharibika, akaanza kung'ata kamba ya mfuko wa kongamano. Kumbe dereva wa kongamano alikuwa amempigia Profesa simu mara nyingi mno, naye Profesa akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kumwomba asubiri. Dada Daktari alimalizia nyuzi za mwisho peke yake. Alipotoka alikaa sakafuni, pale pale mlangoni, akavua kofia ya upasuaji, akalia kama mtoto aliyeachwa shuleni.

"Imekaa," alisema. "Imekaa, dada. Sasa tuombe ikubali."

*

Kitu cha kwanza alichokiona Cheche bandeji ilipofunguliwa kilikuwa dirisha. Kisha gauni la bluu. Kisha, siku zilivyokwenda, vidole, nyufa, vifungo, nzi. Kitinda alijificha nyuma ya mama yake, kwa sababu baba hakuwahi kumtazama na sasa alikuwa anamtazama kupita kiasi.

Miezi ile ya mwanzo msusi aliisahau barabara kuu. Cheche alianza kukaa mlangoni mwa saluni, akiwatania wateja, akikarabati bawaba za majirani. Usiku msusi aliweka kichwa kwenye mto na hakukumbuka kitu mpaka asubuhi.

Mvua zikaanza. Mchana mmoja alikuwa anamsuka mteja, Cheche amekaa kwenye kigoda chake, Kitinda akamletea utepe.

"Baba, wangu huu. Mzuri?"

"Mzuri sana, mama."

"Rangi gani?"

"Si unajua mwenyewe? Mwekundu."

Kitinda akacheka sana. "Baba mwongo! Kijani!"

Mikono ya msusi ikasimama. Akaachia nywele. Akavua kandambili, akatembea kwa miguu mitupu juu ya sakafu, akaenda kusimama mbele ya mumewe, karibu kiasi cha kumgusa goti. Cheche alikuwa anatabasamu kuelekea kwenye kiti cha saluni.

"Mama watoto," alikiambia kiti, "hizo nywele leo zimekutoa jasho, naona."

Jicho lake lilikuwa jekundu pembeni, na katikati, pale palipokuwa peusi na pasafi, palikuwa na moshi.

"Tangu lini?" msusi alisema.

Cheche alishtuka kwa sauti kuwa karibu hivyo. Tabasamu likabaki peke yake usoni, halina mwenyewe.

"Tangu mvua zianze."

"Dada Daktari alisema jicho likiuma tu, likiwa jekundu tu, siku hiyo hiyo! Siku hiyo hiyo, alisema! Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umeanza kulala," alisema.

Msusi alimpiga. Alimpiga kifuani kwa mkono wenye kitana, tena na tena, na Cheche hakujikinga. Kitinda akaanza kulia. Mteja, kichwa kimesukwa nusu, akamwinua mtoto akatoka naye nje, akasimama mvuani.

Dada Daktari alikagua jicho kwa muda mrefu kuliko kawaida, na alipoondoa uso wake kwenye darubini hakuwa na haja ya kusema. Mwili umekataa. Wangekuja mapema, labda. Sasa watatia dawa kali kila saa, mchana na usiku, waokoe kitakachookoka.

"Na konea nyingine?" msusi aliuliza.

"Nitaomba. Nitaomba kila mtu ninayemjua." Alikuwa amebadilika Dada Daktari, alikuwa anaongea polepole siku hizi. Tangu siku ile alikuwa amewafanyia wengine upasuaji ule kwa mkono wake mwenyewe, na wengi wao walikuwa wanaona. Mwalimu mstaafu alikuwa anaona kwa macho yote mawili. "Lakini ya pili hukataliwa kirahisi zaidi. Sitawadanganya tena."

Kilichookoka kilikuwa kipande cha pembeni, chembamba kama ukucha. Kwa kipande hicho Cheche anauona ukuta kabla hajaugonga. Akigeuza kichwa kama kuku, anaona mtu anakuja, ila hajui ni nani mpaka aseme. Kuchomelea ndiyo basi. Msusi amerudi kusuka na sikio moja mlangoni, na macho yake yamezama.

Siku waliyoambiwa kwamba hakuna zaidi kitakachorudi, walikaa kwenye benchi nje ya kliniki, wakisubiri saa ya tone la dawa ifike ndipo waondoke. Watu walipita na bandeji zao. Cheche ndiye aliyeanza.

"Una mvi," alisema. "Juu ya sikio. Niliziona siku ile ile ya kwanza."

"Hukusema."

"Ningesema nini? Nimefumbua macho leo, nianze na mvi zako? Umekonda pia. Na ukuta wa chumbani una ufa, unatoka kwenye swichi unapanda mpaka darini, nilikuwa nautazama mkiwa mmelala. Kitinda ana kovu kidevuni."

"Alianguka kwenye ngazi za jirani."

"Hamkuniambia."

"Ungefanya nini?"

"Ningejua tu." Aligeuza kichwa kama kuku, akamtafuta mkewe kwa kile kipande chake, akampata, au alisema amempata. "Akicheka anaangalia kwanza kama wewe unacheka. Umewahi kuliona hilo?"

"Sijawahi," msusi alisema. Akafungua kichupa cha dawa. "Tazama juu."

Cheche akatazama juu.

"Endelea," msusi akamwambia, akimshika kope kwa kidole. "Uliona nini kingine?"